Mfuko au chupa: mbolea ya maji na mashamba ya Kansay

Maduka ya pembejeo mjini Karatu hupangwa kwa namna inayofanana. Mifuko ya kilo 50 iko chini, juu ya mbao ili isivute unyevu wa sakafu: DAP, UREA, CAN, SA, NPK. Kwenye rafu juu yake zimesimama chupa. Chupa zina rangi, zina picha ya hindi lililojaa punje hadi ncha, na bei yake ni kipande kidogo cha bei ya mfuko. Mkulima aliyepanda gari kutoka Kansay akiwa na hela ya mfuko mmoja, huku ekari tatu zikimsubiri nyumbani, lazima azitazame chupa hizo mara mbili. Muuzaji analijua hilo. "Mzee wangu, unahangaika na mizigo ya nini? Chupa moja ekari moja, unapiga na bomba, umemaliza."

Maneno hayo yanastahili kupimwa kabla ya kukubaliwa au kudharauliwa. Ziko nchi ambako wakulima wa nafaka waliachana na mbolea ya chenga wakahamia ya maji, na hawajarudi nyuma. Ziko hata sehemu za wilaya hii ya Karatu ambako mbolea ya maji ina hoja nzuri. Swali ni kama Kansay ni mojawapo: kata inayolima mahindi, maharage, mbaazi na ngwara kwa kutegemea mvua, upande ambako ardhi inaanza kuelekea bonde la Ziwa Eyasi. Kwa sehemu kubwa nasema hapana. Lakini sababu zake si zile zinazotajwa mara nyingi, na ndani ya hapana hiyo kuna ndiyo moja ambayo kaya nyingi zinaimwaga kila siku.

Tuanze na mmea wenyewe. Mzizi hautafuni chenga. Chenga ya UREA ikifukiwa kwenye udongo wenye unyevu huyeyuka upesi, vijidudu vya udongo vinaibadilisha kuwa amonia kisha naitreti, na mzizi unakunywa kilichokwisha kuwa ndani ya maji. Mbolea ya maji iliyomwagwa kwenye udongo huohuo inapita njia hiyohiyo. Kwa mmea, basi, mbolea zote ni za maji. Tofauti ya mfuko na chupa iko kwa anayeleta maji ya kuyeyushia: mvua, au mkulima na punda wake.

Hapo ndipo mfano wa Marekani unapotupotosha tukiubeba mzimamzima. Katika majimbo kama Iowa na Nebraska mkulima wa mahindi anaweza kumaliza msimu bila kugusa mfuko. Anatumia mchanganyiko wa urea na amonia naitreti uliokwisha kuyeyushwa, wenye naitrojeni asilimia 28 au 32, na wakati wa kupanda anatiririsha kwenye mfereji wa mbegu fosforasi ya maji iitwayo 10-34-0. Aliichagua kwa sababu ya mashine. Mbolea ya maji inasukumwa na pampu, inapimwa kwa usahihi, inachanganyika na dawa ya magugu ili trekta lipite mara moja badala ya mara mbili, na mtu mmoja anahudumia mamia ya ekari bila kuinua mzigo. Mahindi yake hayakudai mabadiliko hayo; mgongo wake na gharama ya vibarua ndivyo vilivyodai. Nyuma yake kuna matangi ya plastiki, magari ya kusambaza, bohari za vijijini, na pampu zisizo na sehemu za shaba, kwa kuwa mchanganyiko huo unakula shaba. Biashara ya mbolea Tanzania, kuanzia bandari ya Dar es Salaam hadi duka la Karatu, imejengwa juu ya mfuko wa kilo 50 unaobebeka kwa lori, kisha bodaboda, kisha bega. Kusafirisha mbolea iliyokwisha kuyeyushwa kwa umbali huo ni kulipa nauli ya maji.

Kwa hiyo kinachouzwa kwenye rafu ya Karatu kwa jina la mbolea ya maji ni kitu kingine kabisa. Ni busta, mbolea ya kupulizia majani. Na busta ina tatizo ambalo haliwezi kufichwa na picha yoyote ya hindi: hesabu.

Mahindi ya kutoa magunia 20 kwa ekari, yaani tani mbili, hujikusanyia kwenye punje na mabua kiasi cha kilo 40 hadi 50 za naitrojeni. Sehemu yake inatoka kwenye udongo, sehemu kwenye samadi kama ipo, na iliyobaki lazima iletwe. Mfuko mmoja wa UREA, wenye naitrojeni asilimia 46, unaleta kilo 23. Sasa chukua chupa ya lita moja iliyoandikwa naitrojeni asilimia 20, ambayo ni busta nzito kwelikweli. Ndani yake mna gramu 200 hivi. Ili kupata kilo 23 utahitaji chupa zaidi ya 100. Kama chupa ni shilingi 10,000, kilo moja ya naitrojeni inakugharimu shilingi 50,000. Kwa bei ya ruzuku iliyotangazwa mwaka 2022, mfuko wa UREA ukiwa shilingi 70,000, kilo hiyohiyo ilikuwa takribani shilingi 3,000. Sioni namna ya kuzunguka namba hizi. Anayesema chupa moja inachukua nafasi ya mfuko anasema kwamba gramu 200 zinafanya kazi ya kilo 23, na mzigo wa kuthibitisha ni wake.

India wamelipitia jambo hili kwa kishindo kikubwa kuliko sisi. Mwaka 2021 ushirika mkubwa wa mbolea wa nchi hiyo, IFFCO, ulizindua urea ya nano: chupa ya nusu lita iliyonadiwa kuwa mbadala wa mfuko wa kilo 45. Chupa hiyo ya mwanzo ilikuwa na naitrojeni asilimia 4, maana yake gramu 20. Mfuko una zaidi ya kilo 20. Tofauti ni mara elfu moja. Watetezi walisema chembe ndogo sana hupenya jani bila kupotea. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab walipoijaribu shambani, mavuno ya mpunga na ngano yalishuka yakilinganishwa na ya utaratibu wa kawaida, na mwaka 2023 watafiti wawili wa Denmark wakaandika kwamba madai hayo hayana msingi wa kisayansi wa kuyabeba. Naitaja India kwa sababu iliyokuwa nyuma ya chupa ile haikuwa kampuni ya mfukoni. Ulikuwa ushirika wa wakulima wenyewe, na serikali ikiupigia debe.

Je, mkulima akitengeneza busta yake mwenyewe kutoka kwenye mfuko? Inawezekana, na ni rahisi: UREA inayeyuka vizuri sana, na ukiikoroga dumu linakuwa la baridi mkononi kana kwamba limetoka kisimani, kwa kuwa kuyeyuka kwake kunavuta joto. (DAP usiijaribu, itaacha tope la kuziba nozeli.) Lakini jani lina kikomo chake. Zaidi ya asilimia mbili hivi, UREA inaanza kuunguza kingo za majani, hasa jua likiwa kali. Asilimia mbili kwenye bomba la lita 20 ni gramu 400. Ekari moja inakula mabomba kumi. Hiyo ni kilo nne za UREA, naitrojeni isiyofika hata kilo mbili. Kumaliza mfuko mmoja kwa njia hii utapulizia mara 12 na zaidi. Ukipiga kila baada ya siku kumi, utamaliza mahindi yakiwa yamekauka. Jani linaweza kuonja mbolea, lakini kushiba kwake kunapitia mzizini.

Kisha yaje maji. Mabomba kumi ni lita 200, madumu kumi. Asiyeishi maeneo haya ataona ni kidogo. Kwenye vijiji vya Karatu ambako maji yanafuatwa mbali na kubebwa kwa punda, madumu kumi ni safari ya punda zaidi ya mmoja, na nyumbani kuna ndama, kuku, watoto na nguo za shule zinazoyadai maji hayo kwanza. Wapo wanaopendekeza kumwagia shinani badala ya kupulizia jani. Hiyo ni mbaya zaidi. Shamba lililopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo, lina mashimo karibu 9,000 kwa ekari. Robo lita tu kwa kila shimo ni lita 2,250. Kwa bustani ya mchicha na nyanya nyuma ya jiko jambo hilo lipo. Kwa shamba la mahindi ni ndoto ya mtu ambaye hajawahi kuchota maji.

Nimesikia pia hoja kwamba busta inasaidia wakati wa ukame kwa sababu inakuja na maji yake. Lita 200 zikisambazwa kwenye ekari nzima ni sawa na mvua ya sehemu moja ya ishirini ya milimita. Hata vumbi hailazi. Na jani lililonyauka kwa kiu limefunga vinyweleo vyake na kukaza ngozi yake; ni wakati ule ambao linapokea kidogo zaidi na kuungua haraka zaidi. Anayepulizia, apulizie asubuhi na mapema au jioni, mmea ukiwa na nguvu. Maana yake busta inafanya kazi vizuri pale ambapo mvua imenyesha, yaani pale ambapo chenga nayo ingefanya kazi.

Ukilinganisha na hayo yote, kisoda ni chombo cha ajabu. Kifuniko cha chupa ya soda kikijazwa DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, hubeba takribani gramu tano. Mashimo 9,000 kwa gramu tano ni kilo 45: mfuko mmoja kwa ekari moja, na kidogo kinabaki. Mbolea inatiwa kwenye shimo, inafunikwa udongo kidogo ili isigusane na mbegu, mbegu inafuata, shimo linafukiwa. Fosforasi haitembei kwenye udongo. Inakaa ilipowekwa, na kwa kuwekwa pale mzizi wa kwanza unapopita, kisoda kinafanya kile ambacho mashine ya Nebraska inafanya kwa nozeli yake. Ugumu ni kwamba kisoda kinataka mikono. Familia inayopanda nyuma ya plau, ng'ombe wakivuta na mbegu zikidondoshwa mtaroni kwa mwendo, inaona kisoda kinachelewesha kazi wakati unyevu unakimbia. Malalamiko hayo nayaona ya haki kuliko sifa zote za chupa. Anayetaka kubuni kitu kwa ajili ya Kansay angeanzia hapo: kifaa chepesi cha kufungwa kwenye plau, cha kudondosha mbegu na chenga pamoja, chenye bei ya mtu wa ekari tatu.

Mbolea ya kukuzia nayo ina udhaifu wake ambao watu wa chupa huuelekezea kidole, na hapo wana haki. UREA ikimwagwa juu ya udongo wenye joto na unyevu kidogo, kisha mvua isije, sehemu kubwa ya naitrojeni yake inaruka hewani kama amonia. Kwenye udongo wenye chokaa au magadi, inaruka haraka zaidi. Mkulima anaona majani hayakubadilika, anasema mbolea ni feki. Dawa yake ni jembe: palilia, weka mstari pembeni ya shina, funika. Ni kazi, lakini ni kazi ambayo palizi inaifanya hata hivyo.

Neno feki limeshika mizizi. Watafiti wakiongozwa na Hope Michelson wa Chuo Kikuu cha Illinois walikusanya mamia ya sampuli za UREA kutoka maduka ya mkoa wa Morogoro na kuzipima maabara. Karibu zote zilikuwa na naitrojeni inayotakiwa. Hata hivyo wakulima wa huko waliamini kwamba mbolea nyingi imechakachuliwa, na walitazama mabonge na rangi iliyofifia kama ushahidi. Mabonge ni dalili ya unyevu wa ghala; naitrojeni ilikuwemo. Kwa upande wa pili, kituo cha kimataifa cha mbolea, IFDC, kilipochunguza ubora wa mbolea nchini Kenya, bidhaa za maji na zile za unga wa kuyeyusha ndizo zilizoonekana kupungukiwa virutubisho mara nyingi zaidi na kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko chenga. Kwa hiyo tunashuku kile kilicho salama zaidi na kuamini kile chenye mashaka zaidi.

Nisieleweke kwamba mfuko hauna wezi. Mwaka 2024 huko huko Kenya ilibainika kwamba mifuko iliyouzwa kwa wakulima chini ya mpango wa ruzuku ilikuwa na kitu kisichostahili kuitwa mbolea, na bunge likafika hatua ya kutaka kumwondoa waziri wa kilimo. Lakini chenga unaweza kuimimina kiganjani, ukaiyeyusha kwenye glasi, ukaona kama inaacha mchanga. Kimiminika cha kijani ndani ya chupa ya kijani utakipimaje? Hapa Tanzania Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, na mbolea ya aina yoyote inapaswa kusajiliwa kabla ya kuuzwa, iwe ya mfuko au ya chupa. Jambo la kwanza la kutafuta kwenye lebo ni asilimia za virutubisho. Chupa iliyoandika tu kwamba inafaa mazao yote, huongeza mavuno, hustahimilisha ukame na hufukuza wadudu, bila asilimia hata moja, irudishwe rafuni bila mazungumzo.

Baada ya kuipiga chupa kiasi hicho, haki yake nayo isemwe. Kuna virutubisho ambavyo mmea unavihitaji kwa gramu tu: zinki, boroni, shaba, manganizi. Kwa virutubisho hivyo, jani ni mlango mzuri, kwa kuwa kiasi chenyewe ni kidogo na udongo wenye chokaa huvifungia mzizi usivipate. Mahindi yenye njaa ya zinki hujieleza: majani machanga yanatoa mikanda myeupe pande mbili za uti wa jani, karibu na shina. Kilo moja ya salfeti ya zinki kwenye lita 200 za maji inatosha ekari, na mabadiliko yanaonekana kwenye majani yanayofuata. Hii isichanganywe na njaa ya naitrojeni, ambayo huanzia majani ya chini na ya zamani, umanjano ukipita katikati ya jani kama herufi V kutoka nchani. Wala na zambarau ya mahindi machanga asubuhi za baridi, ambayo mara nyingi ni fosforasi. Mkulima anayezijua alama hizi tatu ana kinga nzuri dhidi ya maneno matamu ya muuzaji.

Ukiteremka bondeni hadi Mang'ola hesabu inabadilika. Kule vitunguu vinamwagiliwa, maji ya chemchemi yanapita kwenye mifereji mwaka mzima, na zao lina thamani ya kulipia gharama. Mwenye umwagiliaji wa matone anaweza kutia mbolea ya kuyeyuka kwenye tangi lake na kulisha mmea kidogokidogo kila juma, bila kibarua wa ziada na bila kulipia maji mara mbili, kwa kuwa maji yalikuwa yanapita vilevile. Jembe halina nafasi tena katika jambo hilo. Mkulima wa Mang'ola akiniambia anahamia mbolea ya maji, nitamwuliza tu habari ya chumvi: bonde la Eyasi ni bonde la magadi, na mbolea ni chumvi juu ya chumvi.

Udongo wa bonde hilo unafungua pia mlango wa hoja bora kuliko zote zilizowahi kutolewa kwa ajili ya fosforasi ya maji. Kwenye rasi ya Eyre, kusini mwa Australia, wakulima wa ngano walikuwa wakitia chenga za fosforasi mwaka baada ya mwaka kwenye udongo wa kijivu uliojaa chokaa, na mazao yakiendelea kuonyesha njaa ya fosforasi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Bob Holloway na wenzake walijaribu kiasi kilekile cha fosforasi kwa maji, na ngano ikaitika. Baadaye ilieleweka kwa nini: chenga kavu inavuta unyevu kuelekea kwake, unyevu unakuja na kalsiamu, na fosforasi inagandia palepale kuizunguka chenga. Iliyo katika maji inasambaa mbali kidogo kabla ya kukamatwa. Sehemu za dunia zenye udongo mwekundu wenye chuma na tindikali hazikupata faida hiyo. Karatu ina udongo wa pande zote mbili, mfinyanzi mwekundu wa volkano juu na udongo wenye chokaa na magadi ukishuka, na Kansay iko katikati ya safari hiyo. Kipimo cha tindikali ya udongo, ambacho ni cha bei nafuu kuliko vipimo vyote, kinastahili kuja kabla ya mjadala wowote wa mfuko na chupa. Kinaamua pia kama fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa jirani kabisa, kando ya barabara ya Babati, inakufaa: yenyewe inapenda udongo wenye tindikali, na kwenye udongo wa magadi inakaa kama jiwe. Inauma kidogo kwamba nchi yenye mgodi wa namna hiyo, na iliyowahi kuwa na kiwanda cha mbolea Tanga hadi kilipofungwa mwaka 1991, ilishikwa bila kinga bei za dunia zilipopanda 2021 na 2022. Ruzuku iliyozinduliwa Mbeya siku ya Nanenane mwaka 2022 ilikuwa jibu la haraka kwa maumivu hayo.

Nilisema kuna ndiyo moja. Iko zizini.

Wairaqw, kabila la wakulima wengi wa Karatu, walikuwa wataalamu wa samadi kabla hajazaliwa afisa ugani yeyote. Kwenye milima ya Iraqw'ar Da'aw, kule Mbulu, ambako ardhi ilikuwa finyu, ng'ombe walilala ndani ya nyumba, na samadi yao ikapelekwa shambani kwa utaratibu. Kilimo hicho kiliwashangaza wageni wengi waliokiandika. Karne ya 20 waliposambaa kutoka huko kuja Karatu, ardhi ikawa pana, na utaratibu ule ukalegea. Leo ng'ombe wengi wanalala kwenye boma lisilo na paa. Samadi inalundikana, inapigwa jua na mvua, na siku ya kuipeleka shambani kwa mkokoteni inaonekana nyingi ingawa nguvu yake imekwisha toka.

Nguvu hiyo imetoka wapi? Sehemu kubwa ya naitrojeni anayoitoa ng'ombe iko kwenye mkojo, si kwenye kinyesi. Na naitrojeni ya mkojo kwa sehemu kubwa iko katika umbo la urea, ileile ya kwenye mfuko. Ndani ya siku chache inageuka amonia na kupaa. Ile harufu kali inayokuchoma pua ukiingia zizini asubuhi ni pesa inayoondoka. Kaya yenye ng'ombe wanne inamwaga mbolea ya maji kila usiku, halafu mwezi wa kupanda inapanda gari kwenda mjini kutafuta mbolea ya maji.

Kuikamata kuna njia mbili. Ya kwanza ni sakafu ngumu yenye mteremko, mfereji, na pipa lenye mfuniko. Mkojo unachanganywa na maji mara kadhaa ya ujazo wake na kumwagwa karibu na shina, kisha unafunikwa. Inafanya kazi, lakini inataka saruji, na tumerudi kwenye madumu. Biogesi iko kundi hilihili. Kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha, CAMARTEC, kimesimamia ujenzi wa mitambo ya kaya kwa miaka mingi, na tope linalotoka kwenye mtambo ni mbolea ya maji kamili, naitrojeni yake ikiwa tayari kuliwa. Ila mtambo unataka ndoo ya maji kwa kila ndoo ya kinyesi, kila siku. Kwa kaya yenye bomba karibu, hiyo ndiyo mbolea ya maji ninayoiamini kuliko zote. Kwa kaya ya punda, sina ujasiri wa kuipendekeza.

Njia ya pili haitaki maji wala saruji: matandiko. Mabua yaliyokatwakatwa, pumba za maharage, maganda ya ngwara, vikitandazwa zizini vinanyonya mkojo na kuushika. Paa la nyasi juu, rundo likafunikwa, na ile naitrojeni iliyokuwa inapaa inakwenda shambani ikiwa kavu, kwa mkokoteni uleule. Mbolea ya maji iliyogeuzwa kuwa kavu ili ibebeke: kwa Kansay hiyo ndiyo hatua yenye maana, na ni kinyume cha ile inayotangazwa dukani.

Pingamizi ninalijua. Mabua yana wagombea watatu. Ng'ombe anayataka ayale. Wataalamu wa kilimo hifadhi, ambao wamefanya kazi Karatu kwa miaka mingi kwa sababu ya makorongo na mmomonyoko, wanataka yabaki shambani yafunike udongo. Sasa naongeza wa tatu. Mabua ya ekari moja hayatoshi wote, na atakayedai yanatosha hajawahi kulisha mifugo mwezi wa tisa. Mimi ningempa ng'ombe majani laini ya mabua na kumtandikia shina gumu, ambalo halili hata hivyo, na shamba ningeliacha lifunikwe na ngwara na mbaazi zilizo hai. Mazao hayo mawili yanavuna naitrojeni kutoka hewani bila kumwuliza mtu hela. Bei yake ndiyo isiyotabirika. India ilipobana uingizaji wa mbaazi mwaka 2017, wakulima wa kaskazini walibaki na magunia yao. Lakini majani ya mbaazi yaliyodondoka shambani hayakujua kwamba soko limefungwa.

Turudi dukani, kwa mzee mwenye hela ya mfuko mmoja na ekari tatu. Asigawanye mfuko kwa kuurusha juujuu kwenye ekari zote. Kama samadi ya zizini ameitunza, iende kwenye ekari iliyo karibu na nyumba, pamoja na nusu ya mfuko, nusu kisoda kwa shimo. Nusu ya pili iende ekari ya pili kwa kipimo hichohicho. Ya tatu apande mahindi na mbaazi, bila mbolea, mwaka huu. Chupa aiache rafuni mpaka mahindi yafike magotini, kisha ayatazame majani machanga. Yakionyesha mikanda myeupe, arudi akanunue zinki, na aulize asilimia zake kabla ya kutoa hela.